Bagi Litavunjika Tu: Amua Livunjikie Wapi

Hotuba kwa wapenzi wa mbio za magari ya rimoti, Nyakato, Mwanza, kama ilivyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Mwangaluka! Wazazi wangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliokalia mawe huko nyuma baada ya viti kwisha, habari za asubuhi. Nawasalimu kipekee wenzetu wa Sengerema. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hamna tena kisingizio cha foleni ya kivuko, na leo mmefika kabla ya watu wa Kirumba. Hilo nitawakumbusha watu wa Kirumba kwa muda mrefu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuboresha bagi, yaani haya magari yetu ya mbio za vumbi, na namna ya kuchagua spea zake. Najua wengi mna swali moja tu: nifunge nini ili liende kasi? Nitalifikia, ila nitachelewa makusudi. Kwanza tukubaliane kwamba gari linaloshindana litavunjika. Linaruka tuta, linatua kwa pua, linakutana na jiwe, na mji huu Mungu ameujalia mawe. Kwa hiyo msitafute gari lisilovunjika, halijatengenezwa. Kila mnaponunua kifaa, kipya au cha kubadilishia, mnaamua gari livunjikie wapi, hata kama hamjui kwamba mnaamua.

Wale wa Mwaloni, pale soko la samaki, mtanielewa upesi. Injini ndogo za mitumbwi, hasa zile za zamani, zina pini inayoshikanisha propela na shafti. Propela ikigonga mwamba, pini inakatika. Mvuvi anaitoa, anaweka nyingine, anaendelea na safari. Sasa anatokea mjanja mmoja, amechoshwa na kubadilisha pini, anachonga yake kwa nondo ngumu. Siku akigonga mwamba pini inabaki salama kabisa, zinasagika gia za chini, na nyumbani wanarudi kwa kasia. Mengi ya yale tunayoyaita maboresho kwenye bagi ni pini ya nondo.

Tuchukue mikono ya suspensheni, maana ndiyo ya kwanza kununuliwa. Kijana anaona picha ya mikono ya alumini ya bluu inayong'aa, anaagiza minne. Hebu tufuate nguvu inavyosafiri. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, kishindo kinaingia kwenye ekseli, kinapita kwenye kishikio cha gurudumu, kinaingia kwenye mkono, kutoka hapo kwenye pini ya bawaba, halafu kwenye kile kipande cha mbele kinachobeba pini, na mwisho kwenye chesisi. Mkono wa naironi ukipokea kishindo hicho unapinda na kurudi. Ukizidiwa unavunjika, nawe unafungua pini, unachomeka mwingine, unawahi raundi inayofuata. Mkono wa alumini haupindi kirahisi, na ukipinda haurudi. Usipopinda, kishindo hakijapotea popote. Kimesogea mbele kutafuta kilicho dhaifu zaidi yake. Mara nyingi kinachokutwa ni kile kipande kinachobeba pini, au matundu ya skrubu kwenye chesisi ya plastiki. Umeokoa kitu kinachouzwa kwa jozi kwenye pakiti, umepoteza uti wa mgongo wa gari.

Mbaya zaidi ni alumini iliyopinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Gari linaanza kuvuta kushoto. Mwenyewe anahangaika na rimoti, anabadilisha sevo, ile mota ndogo inayogeuza usukani, analaumu tairi, anamlaumu aliyemuuzia. Naironi haidanganyi hivyo, kwani ni nzima au imevunjika na unaiona. Halafu kuna uzito. Kwa ujazo uleule alumini ni nzito kama mara mbili ya naironi hii iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na uzito huo unauweka karibu na gurudumu, mahali ambapo shokapu inapata shida zaidi kuutuliza gari linapopita kwenye makorongo.

Sisemi chuma ni dhambi. Mwaka 1984 Team Associated wa Marekani walitoa RC10, gari lililobadilisha mbio hizi. Chesisi yake ilikuwa ya alumini, lakini mikono yake ilikuwa ya naironi. Waliolibuni walijua tumbo linahitaji ugumu na viungo vinahitaji kunyumbuka. Imepita miaka zaidi ya arobaini na magari mengi ya ushindani bado yanafuata mpango huohuo, halafu sisi tunakuja na fedha zetu kuugeuza.

Kuna mahali nitakushauri ununue chuma bila kusita. Kishikio cha mota, kwa sababu mota ikichemka, alumini inasaidia kuondoa joto na pinioni, ile gia ndogo ya mota, haisogei ikaachana na gia kubwa. Zile nati za pembe sita zinazobeba gurudumu, milimita 12 kwa magari mengi ya 1/10, yaani yenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya gari halisi, kwani za plastiki huliwa pembe zikaanza kuzunguka bure ndani ya rimu. Na vifuniko vya juu vya shokapu, ambavyo vya plastiki hufyatuka gari likitua vibaya na mafuta yote yakaishia kwenye vumbi. Angalieni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa ili kipokee kishindo cha jiwe. Vinashughulika na joto, na kuzunguka, na mafuta. Hiyo ndiyo kazi ya chuma kwenye gari dogo.

Kabla sijaondoka kwenye naironi, nina jambo la jikoni. Naironi hunywa maji. Ikiwa kavu sana huwa ngumu na huvunjika ghafla, ikishanywa maji kidogo inakuwa na uvumilivu. Kwa hiyo mikono mipya ikitoka kwenye pakiti, ichemsheni nusu saa hivi, halafu iacheni ipoe humohumo ndani ya maji ikiwa imelala sawasawa isije ikajikunja. Msitumie sufuria ya wali ya mama. Na msije mkachemsha bodi la juu lile la kuangaza, hilo si naironi, ni polikaboneti, na halihitaji mchuzi. Bodi likipasuka, safisha kwa ndani, paka gundi ya viatu, tandaza kipande cha wavu wa dagaa juu yake, paka tena. Jaribu kwanza gundi yenyewe kwenye kipande kilichobaki ulipokata bodi, maana zipo zinazokula plastiki hiyo. Ikikubali, una kiraka ambacho duka la Ulaya wangekuuzia ndani ya pakiti yenye picha.

Sasa beringi. Hapa mnivumilie, nitakaa.

Kama mna gari la bei ya chini la Tamiya, ile kampuni ya Kijapani, fungueni muone. Mengi ya aina hiyo hutoka kiwandani yakiwa na bushi za plastiki au za chuma pale ambapo pangekuwa na beringi. Gari linatembea, hakuna ubaya, lakini bushi inapata vumbi, inatanuka, shafti inaanza kucheza, na gia zilizokuwa zimekutana vizuri zinaanza kukutana kwa pembeni. Anayebadilisha bushi zote kuwa beringi anapata vitu vitatu kwa mpigo: betri inadumu zaidi, mota inapoa, na gia zinaishi. Anaongeza kasi na uhai kwa fedha moja. Sijui boresho jingine la bei hiyo linalofanya hivyo, na ndiyo maana nashangaa mtu ana mota mpya ya kutisha iliyofungwa kwenye bushi za plastiki.

Uzuri wa beringi ni kwamba hazina ukabila. Hazijui kama zimo kwenye gari la Japani au mashine ya kufulia. Zina namba, na namba ni ileile dunia nzima. Ile ndogo inayojaa kwenye magari mengi ya 1/10, yenye tundu la milimita 5, upana wa nje 11 na unene 4, inaitwa MR115. Yenye tundu 10, nje 15, unene 4, ni 6700. Kwenye magurudumu ya mabagi mengi ya 1/8 utakuta 8 kwa 16 kwa 5, hiyo ni 688. Ukienda kwa muuza beringi ukamwambia unataka za gari la rimoti atakucheka. Ukimwandikia MR115-2RS kwenye karatasi, atafungua kabati, au atakwambia anaagiza lini. Zile herufi za mwisho ndizo zinazotuhusu sisi wa ziwani: 2RS maana yake ina mpira pande zote mbili, ZZ maana yake ina bati. Ya bati huzunguka nyepesi kidogo zaidi na kwenye zulia la ukumbini Ulaya inatosha. Hapa kwetu vumbi ni granite iliyosagika, limejaa chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe moja ikiingia ndani ya beringi inaanza kusaga. Chukueni za mpira, na msisikilize anayewaambia habari za wepesi.

Kuzihudumia si kazi. Kwa ncha ya sindano unanyanyua mpira taratibu, unaosha beringi kwa spiriti, unaiacha ikauke, unadondosha tone la mafuta mepesi, unarudisha mpira. Ile tabia ya kushika beringi kidoleni na kuizungusha kwa upepo wa kompresa mpaka ipige mluzi iacheni. Mluzi huo ni beringi inayozunguka ikiwa kavu, bila mafuta, kwa kasi ambayo haikutengenezewa. Na gari likishalowa, hata kwa maji haya ya ziwa yasiyo na chumvi, likaushwe siku hiyohiyo. Kutu haingoji chumvi.

Nilisema nitafika kwenye kasi. Kasi ya kwanza iko kwenye tairi. Mota inazalisha nguvu, lakini kinachoipeleka ardhini ni vile vinundu vya mpira, na ardhi yetu haifanani hata ndani ya wilaya moja. Wazee wetu wa Kisukuma waliigawa vizuri kwa ajili ya kilimo, nasi tuichukue hivyohivyo. Kiwanja kilichoko kwenye luseni, ule mchanga wa karibu na miamba, kinataka vinundu virefu vilivyoachana, vichimbe mpaka vipate kitu kigumu chini. Kwenye itogolo, ardhi iliyoshikana ikawa ngumu juu, vinundu virefu vinajikunja na gari linayumba. Weka vifupi, vingi, vilivyokaribiana. Mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ikikauka na kufagiliwa ni kiwanja kizuri ajabu. Mbuga ikinyeshewa, rudini nyumbani, hakuna tairi ya hiyo.

Kuhusu ulaini wa mpira, laini hushika na laini huisha. Changarawe yetu inakwangua kama msasa, kwa hiyo ile laini kupita kiasi mnayoona mabingwa wakiitumia kwenye video itawamalizia fedha kabla ya mchana. Chukueni ya kati. Sponji ya ndani nayo ni sehemu ya tairi. Sponji iliyolegea hufanya tairi nzuri ijikunje kwenye kona. Kabla ya kugundisha tairi kwenye rimu kwa supaglu, futeni ukingo wa mpira kwa spiriti, kwani hutoka kiwandani na utelezi, na utelezi huo ndio unaofanya tairi ivuke kutoka kwenye rimu gari likiwa linaongoza. Rimu za 1/10 zenye pembe sita ya milimita 12 haziingii kwenye bagi la 1/8 lenye milimita 17. Hilo ni dogo, lakini watu huagiza kutoka mbali wakalijua siku ya kufungua boksi.

Baada ya tairi, gia. Gia ni boresho la bei ya soda na ndilo linalounguza mota nyingi. Tuseme gia kubwa ina meno 70 na pinioni ina meno 20. Gawanya, unapata 3.5. Kama ndani ya boksi la gia kuna uwiano wa 2.6, zidisha, unapata 9.1: mota inazunguka mara 9.1 gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka pinioni ya meno 22, hesabu inashuka hadi 8.27. Gari litakuwa na mwendo zaidi kwenye mstari ulionyooka, na mota itabeba mzigo zaidi kila inapotoka kwenye kona. Kwenye kiwanja chetu chenye kona nyingi na mstari mmoja mfupi, mara nyingi anayeshusha meno ndiye anayeshinda. Ongeza jino moja, endesha dakika chache, pima joto. Ikikaribia nyuzi 70 za Selsiasi upande wa nje wa mota, rudi nyuma. Vile vipimajoto vya paji la uso vilivyojaa majumbani tangu wakati wa Korona, vingi havisomi mbali zaidi ya homa, kwa hiyo msivitegemee kwa mota.

Kuna mtego kwenye gia ambao lazima niutaje kwa sababu unafanana na bahati mbaya kumbe si bahati mbaya. Meno ya gia yana ukubwa, na ukubwa huo unaandikwa kwa lugha mbili. Wamarekani hutumia pichi: 32, 48, 64, namba ikipanda jino linapungua. Wajapani wengi na Wazungu wa bara hutumia moduli: 0.6, 0.8, 1. Moduli 0.6 na pichi 48 zinakaribiana mno kwa macho. Ukizikutanisha zinazunguka, zinapiga kelele kidogo, unadhani zinajizoeza. Haziwezi kuzoeana. Zinalana mpaka gia kubwa inakuwa haina meno. Kabla ya kununua pinioni, soma kilichoandikwa ubavuni mwake, au hesabu na uulize.

Sevo nayo ina mtego wa namna hiyohiyo. Shafti ya sevo ina meno, na kikono kinachokaa juu yake lazima kiwe na idadi ileile: 25 kwa Futaba na wanaomfuata, 24 kwa Hitec, 23 kwa Sanwa na KO. Kikono cha 25 kwenye sevo ya 24 kitaingia ukikilazimisha, na usukani utapotea kwenye kona ya kwanza. Hapo kwenye usukani kuna pini yetu nyingine: kinga ya sevo, kile kipande chenye springi kinachokubali kujipinda tairi ikigonga kitu ili gia za sevo zisikatike meno. Wengi hukitoa wakasema kinafanya usukani ulegee. Kama kimelegea, nunua chenye springi ngumu zaidi, usikitoe. Na ukifunga sevo kubwa, ile yenye nguvu ya kilo 15 au zaidi inayotakiwa kwenye 1/8, hakikisha kidhibiti mwendo kinaweza kuilisha umeme. Kikishindwa, risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya gari, inazimika sekunde moja katikati ya mbio, gari linaenda linakotaka, na mwenyewe anaapa kuwa kuna mtu amemwingilia masafa.

Betri nitazipita haraka, isipokuwa jambo moja la usafiri. Betri ya lipo, yaani ya lithiamu-polima, ya seli mbili ni volti 7.4, ikijaa ni 8.4, usiishushe chini ya volti 3 kwa seli, uitunze kwenye 3.8, uichaji ukiwepo, juu ya saruji na si juu ya godoro. Ikivimba, imekwisha. Jambo la usafiri ni hili: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana oda zenu zinakuja na kila kitu isipokuwa betri. Lakini abiria anaruhusiwa kubeba betri ya chini ya saa-wati 100 ndani ya begi la mkononi, si lile linaloingizwa tumboni mwa ndege. Yetu ya volti 7.4 na ampea-saa 5 ni saa-wati 37. Kwa hiyo shemeji anayerudi kutoka Dubai anaweza kukuletea, ncha zikiwa zimefunikwa kwa utepe zisigusane, na baada ya kuuliza shirika lake la ndege. Mwambieni mapema, msimtumie ujumbe akiwa kwenye foleni ya uwanja.

Sasa nikiwa bado na pumzi, tuzungumze juu ya kununua gari lenyewe, kwani spea zinaanzia hapo. Tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na hata Dar hakuna kila kitu. Mkono wa mbele ukivunjika Jumamosi, swali pekee lenye maana ni nani hapa uwanjani ana mkono kama huo. Kwa hiyo kabla hujanunua gari, angalia la jirani yako. Najua haisikiki vizuri; kila mtu anataka lake liwe la pekee. La pekee litakaa rafuni miezi miwili likingoja kipande cha ukubwa wa kidole. Watu wanane wenye gari la aina moja wana ghala la spea bila kujenga ghala. Wanaagiza pamoja, wanagawana nauli ya mzigo, na gari lililokufa kabisa la mmoja wao linakuwa duka la wengine saba.

Angalieni pia umri wa muundo. Tamiya walitoa Grasshopper mwaka 1984, gari rahisi la magurudumu mawili ya kuvuta. Miaka ya 2000 wakalirudisha sokoni, na hadi leo unaweza kuagiza vipande vyake. Kwa mbio za kisasa halitakupa ushindi, lakini nawaulizeni: simu gani ya mwaka 2015 ina spea leo? Gari lenye mchoro unaoonyesha kila kipande na namba yake, linalotengenezwa na kampuni inayouza vipande hivyo kimojakimoja, hilo nunua hata kama kwenye video halirukiruki. Lile ambalo ukiuliza mkono wa mbele unaambiwa ununue gari zima, hilo ni la kuchezea, na hakuna aibu kumnunulia mtoto, ila usilifungie mota ya fedha nyingi.

Boksi la uwanjani, basi. Mimi hubeba mikono ya mbele kushoto na kulia, pini za bawaba, kishikio cha gurudumu, beringi chache, pinioni iliyopungua meno mawili kuliko ile iliyofungwa, oringi za shokapu na chupa ya mafuta yake. Mafuta ya shokapu mnunue ya kampuni moja na mkae nayo, maana namba 30 ya huyu si namba 30 ya yule. Zinazolinganishika ni zile zilizoandikwa kwa sentistoki, kipimo cha uzito wa mafuta, na bagi nyingi za 1/10 hukaa kati ya 350 na 500. Jua letu la saa nane linayalainisha, kwa hiyo aliyepanga gari asubuhi na upepo wa ziwa atalikuta mchana linadundadunda. Alenki ziwe nzuri, za 1.5, 2 na 2.5, na bisibisi ya gari la Kijapani iwe ya Kijapani, kwa kuwa ya kawaida huila skrubu kichwa. Gundi ya nati tieni palipo na chuma kwa chuma tu. Ikigusa plastiki inaipasua.

Nimebakiza maswali mawili niliyoandikiwa kwenye vikaratasi. La kwanza, kijana wa Igoma anauliza kama anaweza kuweka betri ya seli tatu kwenye gari la seli mbili. Angalia kwanza kidhibiti mwendo kimeandikwa kinakubali volti ngapi. Tuseme kinakubali. Mota ya mizunguko 3300 kwa dakika kwa kila volti, kwenye 7.4 inazunguka mara 24,420 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kwenye 11.1 ni 36,630. Mota inaweza kuvumilia, lakini difu na shafti zako zilipangwa kwa nguvu ya kwanza. Hujaongeza kasi peke yake, umehamisha mahali pa kuvunjikia kutoka kwenye mkono wa mbele hadi ndani ya boksi la gia, ambako lazima ufungue nusu ya gari. Kama una difu ya akiba na mchana mzima, weka. Kama una raundi ya fainali saa tisa, usiweke.

La pili ni la dada aliyekaa pale mbele. Ameshanunua mikono ya alumini yote minne, imeshafungwa, anauliza aitupe? Usitupe, dada yangu. Ya nyuma haikutani na mawe mara nyingi kama ya mbele. Iache kwa sasa, ila kila baada ya mbio iweke juu ya kioo uone kama bado imelala sawa. Ya mbele itoe leo, rudisha naironi. Na hiyo ya mbele ukitaka kuiuza, mimi ninayo nafasi yake: nina gari la maonyesho kabatini ambalo haliguswi na mtu, na rangi ya bluu italifaa sana. Bei tutaelewana pale mezani, baada ya chai.